Mtoto wa dadako ni Mkenya. Karatasi yake iko wapi?



Leo nataka tuongee mambo ya karatasi za watoto. Najua neno lenyewe lachosha, lakini soma mpaka mwisho, manake huenda katika ukoo wenu kuna mtoto anayehusika na haya, na huenda wewe ndiye mtu pekee nyumbani atakayemsaidia.

Pita Mtongwe, njoo Mlaleo, malizia Chaani. Hukosi familia yenye mtoto aliyezaliwa nje, au aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja wa nje. Kuna aliyezaliwa Muscat, baba Muomani, mama mtu wa Likoni. Kuna wa Birmingham, anakuja Kisauni kila likizo ya Agosti. Kuna wa Tanga, mama Mkenya na baba Mtanzania. Kuna aliyezaliwa Riyadh, mama alikwenda kufanya kazi za nyumbani na sasa hajui atarudi naye vipi. Sisi hawa wote twawaita watoto wetu na hatuwaulizi kitu. Afisa wa uhamiaji yeye ataka cheti.

Msimamo wangu ni huu: mtoto wa mzazi Mkenya mtengenezee karatasi za Kenya angali mdogo, hata kama ana pasipoti nyengine nzuri zaidi. Usingoje safari. Usingoje afike miaka 18.

Katiba ishasema

Kabla ya 2010, mwanamke Mkenya akizaa nje ya nchi, mtoto hakupata uraia kupitia kwake. Baba peke yake ndiye aliyehesabiwa. Mama zetu wangapi waliolewa Oman, Yemen na Uarabuni kwengine, wakarudi nyumbani na watoto ambao kwa sheria walikuwa wageni?

Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha hilo. Kifungu cha 14 chasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au nje. Mzazi mmoja atosha. Na kifungu hicho chawahusu pia waliozaliwa kabla ya 2010. Kifungu cha 16 nacho chasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua uraia wa nchi nyengine. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa.

Sasa angalia kitu ambacho Katiba haikuuliza. Haikuuliza cheti cha ndoa. Haikuuliza jina la mtoto ni la Kiarabu au la Kimijikenda. Imeuliza kama mama au baba ni Mkenya, basi.

Kwa hivyo mtu asikwambie ati unaenda "kumuombea" mtoto uraia. Uraia anao. Unachoenda kuchukua ni ushahidi.

"Lakini ana pasipoti ya Uingereza, ya Kenya ya nini?"

Swali hili nalisikia sana, na lina jibu.

La kwanza, mtoto akiingia Kenya kwa pasipoti ya Uingereza, anaingia kama mtalii. Tangu Januari 2024 mgeni huomba kibali cha eTA mtandaoni kabla ya safari, na kibali hicho chamruhusu akae hadi siku 90. Yaani mjukuu analala kwa nyanya yake Bakarani huku siku zake zahesabiwa. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi kibali cha kuingia kwao. Kifungu cha 39 kinampa raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini.

La pili ni ardhi, na hapa sisi watu wa Pwani tutege masikio. Kifungu cha 65 chasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya moja kwa moja. Anaweza kukodi tu, na mwisho ni miaka 99. Mwenye uraia wa nchi mbili ni raia kamili, kifungu hicho hakimgusi. Lakini siku ya kugawana mirathi ya babu, mtoto aliyekaa na pasipoti ya kigeni peke yake atathibitisha vipi kuwa yeye ni raia? Sisi ambao tumelia miaka yote kuhusu mashamba, tusije tukawaandalia watoto wetu njia ya kuyapoteza kwa uvivu wa kujaza fomu.

La tatu, miaka 18 yaja. Waislamu wa Pwani na wa Kaskazini Mashariki twajua kupigwa msasa kulivyo: wenzako wachukua kitambulisho, wewe waulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi. Februari 2025 Rais Ruto alitia sahihi tangazo huko Wajir la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Tangazo ni jema. Lakini hata bila msasa, afisa atataka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Mtoto ambaye jina lake liko katika rekodi za Kenya tangu ana miaka miwili ana pa kuanzia. Yule anayejitokeza kwa mara ya kwanza akiwa na 18, mama hayuko, baba hapatikani kwa simu, anaanza vita.

Na usidhani vita hivi ni vya watu wadogo tu. Miguna Miguna ni wakili, amezaliwa Kenya, na ana uraia wa Canada pia. Februari 2018 serikali ilimtoa nchini kwa nguvu ikidai si Mkenya tena. Mahakama ilimpa haki yake, na bado alikaa nje mpaka Oktoba 2022. Huyo ni mtu anayejua sheria na jina lake lajulikana nchi nzima. Mtoto wa miaka sita wa Shika Adabu atamlilia nani?

Watoto wa Saudia

Hapa naomba tuongee kwa upole.

Kuna dada zetu waliokwenda Saudi Arabia kufanya kazi na wakazaa huko bila ya karatasi za ndoa. Kule, mama asiye na cheti cha ndoa hukwama kumpatia mtoto cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye na karatasi hapandi ndege. Mama akitaka kurudi nyumbani, aambiwa arudi peke yake. Mwaka 2023 serikali yetu ilituma maafisa huko kuchukua vipimo vya DNA vya akina mama na watoto. Wengine waliendelea kusubiri hata baada ya hapo.

Najua maneno yanayosemwa mtaani. Wacha niseme yangu: mtoto habebi kosa la mzazi, si katika dini yetu wala si katika Katiba. Na mama aliyeogopa kwenda ubalozini kwa sababu ya aibu, aibu hiyo tumeipika sisi huku nyumbani. Ikiwa dadako yuko katika hali hiyo, simu ya kwanza anayohitaji ni yako, umwambie: "Mtoto ni wetu, tuambie twaanzia wapi." Huku nyumbani mtafute nakala ya kitambulisho chake na cheti chake cha kuzaliwa, mumtumie. Uraia wa mtoto wasimama juu ya uraia wa mama, na uraia wa mama wasimama juu ya karatasi zilizo katika sanduku la nyanya.

Kazi yenyewe iko hivi

Kama mtoto amezaliwa hapa, anza na cheti cha kuzaliwa. Uandikishaji wa kawaida ni ndani ya miezi 6, ukipita hapo waingia katika uandikishaji wa kuchelewa, na maswali huzidi. Na usikubali kuambiwa ati jina la baba haliwezi kuandikwa kwa kuwa hamkuoana. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kuwa sheria iliyowabagua watoto hao yakwenda kinyume na Katiba.

Kama amezaliwa nje, chukua cheti cha nchi hiyo, kitafsiriwe kama ni cha Kiarabu, kisha uende ubalozi wa Kenya. Uko Muscat, uko Riyadh, uko Abu Dhabi, na Dubai kuna ubalozi mdogo.

Pasipoti yaombwa kupitia eCitizen. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 tangu 2024. Kwa mtoto hutakiwa cheti cha kuzaliwa, vitambulisho au pasipoti za wazazi, na barua ya idhini ya wazazi. Ofisi ya uhamiaji ya Mombasa iko jengo la Uhuru na Kazi. Vuka feri, panda matatu, nenda mwenyewe. Broka anayekwambia ana mtu ndani akuuzia foleni ambayo ni haki yako.

Angalia majina. Hapa ndipo Waislamu tunapoumia. Cheti chasema Fatma, pasipoti ya baba yasema Fatima, kadi ya kliniki yasema Fatuma. Mohamed aandikwa namna nne. Nchi moja yataka bin na jina la ukoo, nyengine yataka majina matatu. Chagua tahajia moja tangu siku ya kwanza na uishikilie kila mahali. Kurekebisha jina la mtoto wa miezi mitatu ni kazi ndogo. La kijana wa miaka 17 ni wakili na kiapo.

Usifiche uraia wa pili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yataka utangazwe ndani ya miezi 3 tangu kuupata, na kuficha ni kosa lenye faini na kifungo. Watu wengi huficha kwa woga, ilhali kuwa nao si kosa.

Na uliza upande wa pili kabla hujakwenda mbio. Kenya yaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini si kila nchi. Oman hairuhusu raia wake kushika uraia mwengine ila kwa idhini maalumu. Tanzania humtaka mtoto mwenye uraia wa nchi mbili achague akifika miaka 18. Wazazi waketi pamoja na waamue wakijua, si kusikia kwa ajenti. Marekani nayo yamtaka raia wake, hata mchanga, aingie kwa pasipoti ya Marekani. Kwa hivyo mtoto wa Kenya na Marekani husafiri na zote mbili mkobani: ya Kenya aonyesha hapa kwetu uwanja wa Moi, ile ya pili aonyesha anapoingia kule.

Neno kwa kina baba na kina mama walioachana

Pasipoti ya mtoto isiwe silaha. Kuna anayekataa kutia sahihi ili amkomoe mwenzake. Kuna anayemchukua mtoto "likizo" na asimrudishe. Sahihi yako ni haki ya mtoto, usiiuze. Na wewe uliye na hofu kuwa mtoto atachukuliwa bila ya idhini yako, usingoje ufike uwanja wa ndege. Nenda mahakama ya watoto Tononoka mapema uombe amri ya kuzuia safari. Mtoto akishafika nchi ambayo sheria zake huzijui, kumrudisha ni safari ndefu.

Wakikuzungusha je?

Watakuzungusha, tusidanganyane. Utaambiwa njoo Jumatatu, lete karatasi ambayo haikuandikwa popote. Omba jibu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu za maandishi pale uamuzi wa ofisi ya serikali unapokuumiza. Andika tarehe, andika jina la afisa, weka nakala. Kisha peleka malalamiko kwa Ombudsman, ambaye ana ofisi hapa Mombasa. Anayekwenda na faili hutendewa tofauti na anayekwenda na machozi.

Mwisho, kwa nini nakwambia wewe na sio mzazi wa mtoto? Kwa sababu wewe ndiye mwenye simu nyumbani. Wewe ndiye unayeijua eCitizen, wewe ndiye unayesoma barua za mamako. Dadako yuko Riyadh, anapumzika saa mbili usiku akiwa amechoka. Nyanya hajui fomu. Akibaki mtu, ni wewe.

Basi wiki hii, Ijumaa baada ya swala, keti na watu wa nyumbani. Uliza mtoto gani hana cheti. Uliza karatasi za mama yake ziko wapi. Zipige picha, ziweke mahali salama, anza na mmoja. Ukikwama, sema hapa chini umekwama wapi bila kutaja jina la mtoto wala nambari za vyeti, na tutaelekezana inshallah.

Mtumie mwenzako haya, hasa aliye na ndugu Uarabuni.

Wabillahi tawfiq.