Kompyuta ya tufaha na akiba ya ndizi

JUMAMOSI moja nikiwa nyumbani Nyakoe, mama mmoja jirani yetu alinijia kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Mama huyu huuza ndizi pale sokoni, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Kisumu, na huenda baadhi yenu mliwahi kununua mkungu wake mkiwa bado mmeketi ndani ya matatu. Alinionyesha simu yake. Ilikuwa na Sh60,000, zamu yake ya chama aliyoingojea zaidi ya mwaka mzima.

“Mwalimu,” akaniambia, “mtoto huyu anataka kompyuta ya kwenda nayo chuoni. Anasema sharti iwe ile ya tufaha lililoumwa. Wewe uliyekaa Nairobi miaka yote hiyo, hebu niambie, hilo tufaha linafunza nini ambacho nyingine hazifunzi?”

Bintiye alikuwa nyuma yake, macho chini. Amepata nafasi ya kusomea uhasibu katika chuo kikuu cha umma. “Mjomba, wenzangu wote wanazo,” akasema kwa sauti ya chini. Nikamwuliza hao wenzake wote ni wangapi. Ni wawili.

Mpenzi msomaji, sikucheka. Swali la mama huyu naulizwa kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, na wazazi wa Buruburu na Umoja huliuliza vivyo hivyo, ila kwa maneno ya mjini: je, jina kubwa linastahili bei yake?

Nilikuwa na sababu nyingine ya kutocheka. Katika boma lile lile, kaka mkubwa wa binti huyu alikwisha kununuliwa kipakatalishi miaka michache iliyopita. Kilikuwa kipya kabisa, kilitoka dukani kikiwa ndani ya boksi lake, na jina lililoandikwa kwenye kifuniko ni jina ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Ndama aliuzwa kwa ajili yake. Kufikia muhula wa pili mashine ilikuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai ndipo iamke, na haikukubali kuhifadhi hata kazi ya kurasa kumi. Jamaa wakasema ni virusi. Wengine, mnajua watu wetu, wakasema ni jicho la jirani.

Nilipoifungua niliona haikuwa virusi wala jicho. Prosesa ilikuwa Celeron, ile ya nguvu kidogo. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita RAM, ilikuwa gigabaiti 4. Na ghala lake lote la kuhifadhia lilikuwa gigabaiti 64, lililogandishwa kwenye ubao wa ndani kiasi kwamba fundi hawezi kulitoa aweke kubwa zaidi. Sasa Windows 11 yenyewe hudai ghala la angalau gigabaiti 64 kabla ya kukubali kuingia. Mgeni anayekuomba nyumba nzima, wewe na watoto mtalala wapi?

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Tunanunua jina la ukoo bila kuuliza ni mtoto yupi wa ukoo huo. Kampuni hizi kubwa zote zina tabaka mbili za mashine. Kuna zile nyepesi za kupambia rafu za maduka, za kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Halafu kuna zile za ofisi: Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo. Hizi hutengenezwa kwa ajili ya mashirika yanayonunua au kukodi mamia kwa mpigo, kwa hiyo zina bawaba ngumu, kibodi isiyochoka upesi, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida fundi akaongeza RAM au akabadilisha diski. Baada ya miaka mitatu au minne mashirika ya Ulaya na Marekani huzitoa na kuchukua mpya. Ndizo zinazotufikia huku kama mitumba, na kusema kweli, nyingi ni kama lile koti la mtumba ambalo litavaliwa na wana watatu kwa zamu.

Na jina lenyewe halirithiwi kama shamba. Waliofanya kazi ofisini miaka ya 1990 watakumbuka Compaq. Ilikuwa ndiyo kompyuta ya mkubwa wa idara. Mwaka 2002 HP iliinunua, na jina likafifia. ThinkPad ilizaliwa mikononi mwa IBM mwaka 1992, lakini tangu 2005 ni mali ya Lenovo ya China. Toshiba, ambayo mimi niliiota kwa miaka mingi bila kuipata, ilijitoa kabisa katika biashara ya vipakatalishi mwaka 2020.

Tulirudi kwenye tufaha, maana binti alikuwa bado ameniangalia. Nisiwe mwongo: kipakatalishi cha Apple ni chombo kizuri. MacBook Air iliyotolewa Novemba 2020 ikiwa na chipu ya M1 haina feni, haipigi kelele, na betri yake inaweza kumaliza siku nzima ya masomo. Kwetu ambako stima hupotea bila kuaga, betri ya namna hiyo si mapambo. Mwanafunzi anayetaka kuunda programu za iPhone anaihitaji hasa, kwa kuwa zana za Apple za kazi hiyo hufanya kazi kwenye mashine za Apple peke yake. Na anayehariri filamu au muziki, kama wazazi wake wanazo pesa, sina ubishi naye.

Lakini MacBook Air mpya inapita Sh100,000. RAM yake haiongezwi baada ya kununua. Uliyotoka nayo dukani ndiyo utakayozeeka nayo. Skrini ikipasuka, fundi wa karibu atakayeigusa bila mkono kutetemeka utamtafuta kwa tochi. Tena kuna programu za masomo ambazo hazina toleo la Mac: Revit ya wachoraji wa majengo, SolidWorks ya wahandisi. Hata huku chini, ndugu mdogo wa binti huyu anasomea KCSE ya 2027, ile ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4, na somo la Kompyuta ni mojawapo ya masomo yake. Mradi wa karatasi ya tatu shule nyingi huufanya kwa Microsoft Access. Access haijatengenezewa Mac. Kwa hiyo tufaha hilo lingemfaa dada likizo, na ndugu angebaki akilitazama.

Wala bei kubwa haizuii kasoro. Kibodi ambazo Apple iliziweka kwenye vipakatalishi vyake kati ya 2015 na 2019 zilikwama kwa chembe za vumbi tu, hadi kampuni ikaanzisha mpango wa kuzirekebisha bure mwaka 2018, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Ni mashine kama hizo, zenye prosesa za Intel, ambazo vijana huuziwa leo kwa “bei ya kutupa”. Apple ilikwisha kutangaza kwamba mfumo wake wa 2025, unaoitwa Tahoe, ndio wa mwisho kuzipokea, na hata huo hauzipokei zote. Nyingine huwa bado zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na ukishalipa, ufunguo huupati.

Nikamwambia binti apige simu idarani kwanza aulize wanahitaji nini. Akajibiwa: Windows, Excel, na programu moja ya takwimu. Basi. Dakika tano za simu.

Jumatatu tukaingia Kisii mjini. Katika duka la kwanza muuzaji, kijana mchangamfu, alitutolea mashine yenye kibandiko cha Core i7 na kusema hiyo ndiyo “mwisho wa maneno”. Kibandiko kikasema i7, kweli, lakini nilipofungua ukurasa wa taarifa za mashine nikaona i7-3520M. Mzazi, tafadhali shika hapa. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, na ikiwa kizazi ni cha kumi au zaidi, husomwa tarakimu mbili. Hiyo ya kijana ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, yenye viini viwili. Core i5-8250U, kizazi cha nane kilichotoka 2017, ina viini vinne, na huiacha mbali ile i7 ingawa cheo chake kinasikika kidogo. Zaidi ya hayo, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, upande wa Intel, huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache tu za kabla yake. Chini ya hapo unanunua mzee ambaye mlango umeshafungwa nyuma yake.

Duka la tatu ndilo lililotufaa. EliteBook 840 G5, prosesa ndiyo hiyo i5-8250U, RAM gigabaiti 8 na nafasi ya pili ikiwa wazi, diski ya SSD ya gigabaiti 256. SSD ndiyo jambo ambalo singelegeza kamwe. Diski ya zamani inayozunguka hufanya hata mashine nzuri ionekane goigoi. Niliizima, nikaiwasha tena kuona kama itadai nenosiri la shirika lililoimiliki kabla hata Windows haijaingia. Haikudai. Kisha nikafungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Hutoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Yetu ilibakiza asilimia 81. Muuzaji akanitazama kama mtu aliyeona mganga. Nikabonyeza kila herufi ya kibodi, nikachomeka chaja na kuitikisa kidogo, na mama akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelisahau: ikiharibika kesho, nani atanijibu? Tukaandikiwa dhamana ya miezi sita kwenye risiti, yenye mhuri.

Walitaka pia kutuwekea Office ya wizi kwa Sh1,000. Tukakataa. Vyuo vingi huwapa wanafunzi Microsoft 365 bila malipo kwa barua-pepe ya chuo, na akingoja hiyo, LibreOffice ni ya bure na haimwibii mtu.

Bei ilikuwa Sh31,000. Njiani kurudi nilimwonya binti kuhusu jambo moja ambalo watu wa milima yetu hatuna ruhusa ya kulisahau: mvua ikianza kunguruma, chomoa chaja ukutani, usiizime tu kwenye swichi. Radi ya Kisii haichagui chapa.

Yeye alikuwa ameipakata mashine ndani ya matatu, amenyamaza tangu Daraja Mbili. Tulipokaribia Mosocho akaniuliza kama kubandika kibandiko cha tufaha kwenye kifuniko ni kosa. Mama yake akacheka hadi abiria wakageuka. Tuliposhuka Nyakoe, kabla hata ya kwenda nyumbani, alimtafuta mweka hazina wa chama na kumrudishia Sh20,000 kwa mkopo aliokuwa nao. Sh9,000 zilizobaki akasema ni za kitanda cha bweni.