Mtoto Anayechana Karatasi



Majuma machache yaliyopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mama mmoja na mwanawe wa miaka tisa. Akaniambia, "Maalim, mtoto huyu amenishinda. Kila daftari nimnunulialo hulichana. Maneno yake ni machache, masomo hayashiki, kazi yake ni kuchana tu." Nikamtazama mtoto. Alikuwa na kipande cha karatasi, akikichana polepole kwa utulivu, kama mtu achambuaye mchele.

Moyo wangu ulishtuka, kwa kuwa nilimkumbuka mtoto mwengine. Yapata miaka ishirini iliyopita nilikuwa na mwanafunzi chuoni mwenye tabia ile ile. Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwita mharibifu. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena.

Mama yule nilimsimulia habari za Japani, nami napenda kukusimulieni nanyi.

Huko iko sanaa iitwayo chigiri-e, maana yake ni picha ya kuchana. Msanii wake hashiki mkasi wala hapaki rangi. Huchana karatasi za rangi kwa vidole, akazibandika tabaka juu ya tabaka mpaka likatokea ua, mlima au mawimbi ya bahari.

Karatasi inayopendwa kwa kazi hii ni washi, itengenezwayo kwa mkono. Hutokana hasa na gome la kozo, mti wa jamaa ya mforosadi. Matawi hukatwa wakati wa baridi, yakafukizwa kwa mvuke na kuambuliwa. Gome jeusi la nje hukwanguliwa, na la ndani huchemshwa katika maji ya majivu, likasafishwa kwa maji baridi na kupondwa mpaka nyuzi zikaachana. Kisha nyuzi hizo hutiwa katika pipa la maji pamoja na utelezi wa mzizi wa mmea ulio ndugu wa bamia. Kila mpishi wa bamia anaujua utelezi huo! Ndio uzuiao nyuzi zisizame wala zisigandamane. Fundi huchovya kitandazo cha chane za mianzi, akakitikisa huku na huku, akachovya tena, na kila mchovyo huacha utando mwembamba. Kwa hiyo hata karatasi moja ni matabaka. Mwaka 2014, UNESCO iliuandika ufundi huu katika urithi wa wanadamu, kama unavyohifadhiwa katika mikoa ya Shimane, Gifu na Saitama.

Sasa angalieni siri ya kuchana. Karatasi iliyokatwa kwa mkasi huwa na ukingo mkali, na ikibandikwa juu ya nyengine huonekana wazi mahali ilipoanzia na ilipoishia. Ama washi, fundi huchora mstari kwa brashi yenye maji, akaivuta taratibu, nayo huachana ikabakisha nyuzi ndefu ukingoni, laini kama kope za mtoto. Nyuzi hizo ndizo zinazoshikamana na karatasi ya chini. Rangi mbili hukutana pasionekane mpaka. Akitaka ukungu juu ya mlima, hutandaza juu yake karatasi nyembamba mno, na rangi ya chini ikachungulia kwa mbali.

Aliyeipa sanaa hii jina kubwa ni Yamashita Kiyoshi, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1922. Akingali mdogo alipatwa na maradhi mazito, yakamwachia uzito wa ulimi na wa kufahamu masomo, na watoto wenzake wakawa wakimdhihaki. Mwaka 1934 aliingizwa katika makao ya watoto wa hali yake, mkoani Chiba, na huko ndiko alikofundishwa kuchana na kubandika. Alipokuwa kijana alianza kuzunguka nchi kwa miguu, miaka mingi. Kila arudipo, huviumba kwa karatasi vile alivyoviona, kwa kumbukumbu tu. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1950 yaonyesha fashifashi za mji wa Nagaoka zikipasuka usiku juu ya mto, kwa vipande vidogo mno visivyohesabika. Alifariki mwaka 1971, na Wajapani wangali wakimtaja.

Ndugu zangu, waliomsaidia hawakumzuia asichane. Walimpa karatasi na gundi, wakampa na muda.

Tunaweza kuanza hivyo majumbani mwetu. Washi haipatikani kila duka, lakini karatasi laini za rangi za kufungia zawadi zatosha kwa kuanzia. Gundi ni uji mwepesi wa unga wa ngano ulioiva na kupoa. Rangi nyepesi zitangulie, nzito zifuate, na kila tabaka lisubiri la chini likauke kidogo. Yako mengi ya kuumba yasiyo na roho, nayo hayatatutia shakani: maua, minazi, majahazi, bahari yetu.

Mama yule alirudi juzi. Mtoto bado hasomi vizuri, wala sikumwahidi kwamba atasoma kwa sababu ya karatasi. Lakini alinikabidhi bahari aliyoibandika, buluu juu ya buluu, na juu kabisa ukanda mweupe wa povu uliochanwa. Nikamuuliza, "Ni wapi hapa?" Akasema, "Pwani, maji yakijaa." Mama yake akaniambia kwamba hajapata kumsikia akimjibu mtu asiye wa nyumbani.

Ama wewe niliyekuita mharibifu, leo u mtu mzima, na huenda nawe una watoto. Ikiwa waraka huu umekufikia, nakuomba radhi mbele ya wasomaji, kama nilivyokuaibisha mbele ya wenzako. Mlango wangu u wazi.

Wassalaam.