Bila atelie, diploma ya sanaa ni karatasi tu

Kila mwaka, wakati wa kuandikisha watoto ku iniversite, maneno ni yale yale ndani ya nyumba zetu. Mutoto anasema anataka kusoma kuchora ao teatri. Baba anauliza: « Ile mapicha itakupa bukari? » Sisi hatuwacheke wazazi hawa. Mwenye kulipa minervali ana haki ya kuuliza. Lakini tunaona swali linapashwa kwenda kwanza kwa Leta: munamupa mwanafunzi wa sanaa nini cha kufanyia kazi?

Hapa Lubumbashi tunajua jibu tangu zamani. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake katika muji huu. Ndimo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao picha zao ziko leo katika miziyumu ya Ulaya. Hakuwasomea manoti. Aliwapa rangi, pahali na wakati, na kila mumoja akatafuta mukono wake.

Wengine watasema: « Chéri Samba hakupita ku akademia, na dunia nzima inamujua. » Ni kweli. Lakini alijifunzia kazi katika atelie ya wachoraji wa vibao, Kinshasa. Kwa hiyo atelie ndiyo ilimulea. Iniversite ikitoa masomo bila atelie, inamupa mutoto kidogo kuliko muchora vibao wa barabarani.

Sasa tuko ndani ya mufumo wa LMD. Kredi haihesabu tu saa za kukaa mbele ya mwalimu. Inahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi wa sheria anaweza kuifanya na kitabu, hata chini ya muti. Muchongaji anahitaji ubao, patasi na mulango wazi. Wa teatri anahitaji jukwaa, taa, na wenzake wa kufanya nao repetisyo. Mulango ukifungwa saa tisa ya mchana, kredi ile imeandikwa bure.

Tunajua Leta haina feza mingi, na laboratware za udaktari nazo zinalia. Hatuombe marmari ya Italia. Hapa Katanga shaba na malakite vinatoka chini ya miguu yetu, na mafundi wanapiga shaba kila siku kwa kutengeneza mapicha ya kuuzisha. Waitwe kufundisha, walipwe kwa saa, hata kama hawana diploma.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, sehemu ya minervali ibaki ku seksyo kwa kununua vyombo, na hesabu yake ibandikwe ku mulango, kila mutu asome. Pili, atelie na jukwaa vifunguliwe jioni na siku ya posho. Tatu, juri ya mwisho ifanyike mbele ya watu, ndani ya komini, wazazi wakiwa pale. Mutoto akionesha kazi yake mbele ya muji, ndipo atapata pia wa kumupa kazi.

Na ninyi wazazi, musikimbilie kukatala, wala kulipa. Mbele ya kutoa feza, ombeni kuoneshwa atelie. Muangalie kama kuna rangi ku meza, na kama ingali mbichi.