Mvinyo wa Dodoma unaharibikia madirishani

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu huyu ana dukuduku kuhusu mvinyo unaouzwa hapa Mugumu na kule Tarime: chupa hupangwa dirishani, jua likizipiga mchana kutwa, kisha mteja anatozwa bei kamili.

Mwezi uliopita alitafuta mvinyo wa sendofu ya binti wa dada yake. Fedha zilikuwa za kuhesabu, akachagua mwekundu wa Dodoma. Kufika nyumbani, kizibo kikamomonyoka. Mvinyo ulikuwa umegeuka kahawia na kunuka siki. Mwenye duka alikataa kuubadilisha. Chupa tatu zikamwagwa uani.

Kosa si la Dodoma, ni la jua la dirishani. Mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu ya Makutupora hutoa mvinyo mzuri ambao haukubebeshwa gharama za meli kutoka Ulaya. Mwenye kipato kidogo asibabaishwe na chupa nzito wala lebo ya dhahabu. Achukue chupa iliyokaa kivulini, akague kizibo kisiwe kinavuja wala kimesukumwa juu, atazame stempu ya kodi na alama ya Shirika la Viwango (TBS), kisha anunue moja aionje kabla ya kuchukua za sherehe.

Maofisa biashara wa Tarime na Serengeti, tafadhali pitieni maduka hayo. Nanyi wauzaji, mnasemaje?

Msomaji wenu,
Mugumu, Serengeti