Kijana anayeuliza juu ya Mungu hana pepo

Mulungwishi, kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, inajulikana kwa Wamethodisti na chuo kikuu chao kinachoandaa wachungaji. Mahali pa namna hiyo, mtu angefikiri swali la imani linapokelewa vizuri. Lakini katika familia nyingi kijana akisema, "Sijui kama Mungu ananisikia", jibu ni moja: aombewe, ana pepo. Basi ananyamaza mdomo, moyo haunyamazi. Jumapili hii yuko na wazazi, inayofuata yuko katika kanisa la uamsho, mwishowe haonekani popote, na baba hataki tena kumsemesha.

Ayubu alimwuliza Mungu maswali makali kuliko hayo, na kitabu chake kingali katika Biblia.

Katanga iliwahi kuona njia nyingine. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwanzoni alifundisha kama wenzake: yeye anajua, watu wanasikiliza. Baadaye akageuza mambo, akaanza kuwauliza watu wanatafuta nini maishani. Walimjibu: uzima, uzazi, mapendo. Kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka mwaka 1945 Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kuanzia 1953, huko Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, ikazaliwa Jamaa. Mume, mke na padri walikaa pamoja, wakasemezana kwa Kiswahili, na mambo waliyokuwa wamekariri katika katekisimu wakayatafuta sasa ndani ya maisha yao wenyewe. (Tempels alikuwa Mkatoliki, ndiyo. Mmethodisti hakatazwi kujifunza kwake.)

Hayakunyooka yote. Maaskofu waliitilia Jamaa mashaka, na hofu yao haikuwa ya bure, maana vikundi vingine vilipotoka. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki 1977. Hata hivyo, wachimba shaba wale hawakuasi imani kwa sababu waliulizwa. Wengi waliishika zaidi, kwa kuwa sasa ilikuwa yao.

Kuombea si kubaya. Ila mchungaji anayeweka mkono kichwani mwa kijana kabla ya kumsikiliza hajui anaombea nini. Amwulize kwanza anatafuta nini, kisha angoje jibu, hata likichelewa, hata lisipompendeza.