Neno la Mhariri: Mstari wa Pili wa Wasifu

Karatasi ya kura ya California ya tarehe 7 Oktoba 2003 ilikuwa na majina 135. Kabla ya kuyafikia, mpiga kura alitakiwa ajibu swali moja: Gavana Gray Davis aondolewe au aachwe amalize muhula wake? Wengi walitaka aondoke. Kisha, katika utitiri ule wa majina, wakamchagua Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria aliyejulikana kwa kutunisha misuli na kucheza sinema za mapigano, na ambaye hakuwahi kushika hata udiwani.

Dunia ilicheka sana. Katika kicheko hicho, wachache waliuangalia wasifu wa aliyefukuzwa. Davis alikuwa kapteni wa jeshi aliyehudumu Vietnam. Alikuwa mkuu wa ofisi ya Gavana Jerry Brown, akawa mbunge wa jimbo, akawa mdhibiti wa fedha za jimbo, kisha naibu gavana kwa miaka minne. Lau ugavana ungetangazwa magazetini kama kazi nyingine, barua yake ya maombi isingekuwa na kasoro. Lakini umeme ulikatikakatika mwaka 2000 na 2001, hazina ikatoboka, ada ya magari ikapanda mara tatu, na wasifu wote ule haukumwokoa. Kabla yake, gavana mmoja tu katika historia ya Marekani alikuwa ameondolewa kwa kura ya namna hiyo: Lynn Frazier wa North Dakota, mwaka 1921. Huyo alikuwa mkulima.

Toleo hili linachunguza magavana wa majimbo ya Marekani walikotoka kabla ya kuapishwa. Ni swali ambalo magazeti hulijibu kwa haraka mno. Gavana akiwa mwigizaji, ataitwa mwigizaji mpaka kaburini. Akiwa mkulima wa karanga, karanga zitamfuata hata Ikulu. Hoja ya mhariri ni kwamba kazi iliyompa mtu jina, ile inayokaa kwenye mstari wa kwanza wa wasifu, haielezi mengi kuhusu utawala wake. Mara nyingi jibu liko mstari wa pili, penye kazi ndogo isiyopigiwa picha. Na jambo la kutafuta hapo ni hili: je, mtu huyu aliwahi kukaa meza moja na watu asioweza kuwafukuza kazi, akatoka na makubaliano?

Kazi yenyewe ndiyo inayodai hivyo. Gavana wa Marekani huonekana mfalme mdogo, ana askari wa akiba chini yake, ana msamaha kwa wafungwa na kura ya turufu dhidi ya miswada. Hata hivyo, amezungukwa na watu asiowateua. Mwanasheria mkuu huchaguliwa na wananchi katika majimbo 43. Mahali pengine naibu gavana hupigiwa kura peke yake, hivyo anaweza kutoka chama cha upinzani. Bunge lina spika wake, na spika huyo pengine ameliona jengo hilo kwa miaka mingi kuliko magavana watano. Halafu kuna bajeti. Serikali ya Washington inaweza kukopa mwaka hadi mwaka, lakini karibu kila jimbo linabanwa na sheria lilinganishe mapato na matumizi. Gavana akishindwa kuelewana na bunge, mwalimu anakosa mshahara.

Chukua Ronald Reagan, aliyemshinda Pat Brown mwaka 1966 na kuingia ofisini Sacramento Januari 1967. Wapinzani walimdharau kama mcheza sinema wa daraja la pili, na ni kweli filamu zake nyingi hazina cha kukumbukwa. Lakini mstari wake wa pili unasema alikuwa rais wa chama cha wafanyakazi waigizaji, kwanza kati ya 1947 na 1952, kisha tena 1959 hadi 1960. Katika kipindi hicho cha mwisho aliongoza mgomo dhidi ya wenye studio za Hollywood. Uligharimu wiki kama sita. Waigizaji hawakupata walichokitaka chote. Kwa filamu za zamani walilazimika kusamehe malipo ya marudio, lakini wakapata mfuko wa pensheni na matibabu, pamoja na malipo ya marudio kwa filamu zitakazofuata. Mtu aliyepita hapo amejifunza kudai kumi na kuondoka na sita, kisha kuwatangazia wanachama ushindi.

Ndivyo alivyotawala. Aliyeomba kura kwa kulaani kodi alitia saini mwaka 1967 nyongeza ya kodi ya takriban dola bilioni moja, kubwa kuliko zote jimbo hilo lilizowahi kuona hadi wakati huo, kwa sababu hazina aliikuta tupu na bunge lilikuwa la Democratic. Mwaka 1971 alikaa na Spika Bob Moretti wa chama hicho hicho, siku baada ya siku, mpaka wakapata sheria ya kurekebisha misaada kwa maskini. Unaweza kuichukia sheria hiyo, na wapo wanaoichukia hadi leo, lakini ilipatikana mezani.

Schwarzenegger hakuwa na mstari wa pili wa aina hiyo, na ilimgharimu. Mwaka 2005 alijaribu kuliruka bunge kwa kuwapelekea wananchi mapendekezo yake kwa kura ya moja kwa moja. Aliyoyapigania yalikuwa manne, na yote manne yaliangushwa. Sifa yake ni kwamba alielewa. Akamteua Susan Kennedy, mwanachama wa Democratic aliyewahi kufanya kazi na Davis yule yule, awe mkuu wa ofisi yake; mwaka 2006 akasaini sheria ya kupunguza hewa ukaa iliyotungwa na bunge la wapinzani wake, na Novemba akachaguliwa tena. Hata hivyo, msukosuko wa uchumi ulipokuja, bajeti ilimshinda: Julai 2009 California ilianza kuwapa watu walioidai hati za ahadi badala ya fedha.

Mfano mchungu zaidi uko Illinois. Bruce Rauner aliapishwa Januari 2015 akiwa tajiri wa uwekezaji, mtu wa kununua kampuni, kubadilisha mameneja na kuuza kwa faida. Aliwaahidi wananchi kuliendesha jimbo kama biashara. Alitaka kwanza vyama vya wafanyakazi vibanwe na wabunge wawekewe ukomo wa mihula, ndipo bajeti ipite. Mbele yake alikuwa Spika Michael Madigan, aliyeingia bungeni mwaka 1971 na kukikalia kiti cha spika tangu 1983, ukiondoa miaka miwili tu. Kampuni ina mwenye hisa nyingi, na neno lake likitoka limetoka. Madigan hakuwa meneja wa kuitwa ofisini Ijumaa na kukabidhiwa barua.

Jimbo likakaa zaidi ya miaka miwili bila bajeti kamili. Bili zisizolipwa zikafika takriban dola bilioni 15. Chuo kikuu cha Chicago State, kinachosomesha kwa wingi watoto weusi wa kusini mwa jiji, kilipunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2016. Mwishowe, Julai 2017, wabunge kadhaa wa chama cha Rauner mwenyewe waliungana na Democratic wakaipindua kura yake ya turufu. (Madigan naye, ili asionekane shujaa, alikutwa na hatia ya rushwa mwaka 2025 na kuhukumiwa kifungo.)

Msomaji makini atapinga: aliyemwondoa Rauner mwaka 2018, J. B. Pritzker, ni tajiri kumliko, mrithi wa familia ya hoteli za Hyatt aliyemwaga dola milioni 171 za mfukoni mwake katika kampeni ile, na bajeti zake zimepita. Pingamizi hilo ni la haki. Pritzker alilikuta bunge la chama chake, na chama kimoja humsaidia gavana kuliko wasifu wowote. Ila fedha peke yake haikununulii kiti. Meg Whitman, aliyekuwa mkuu wa eBay, alitumia zaidi ya dola milioni 140 zake huko California mwaka 2010, akashindwa na Jerry Brown, mtoto wa gavana, aliyekuwa gavana tangu 1975 hadi 1983, kisha meya wa Oakland, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo. Ukimuuliza Brown kazi yake, jibu la kweli lingekuwa California.

Kuhusu Jimmy Carter wa Georgia, yule mkulima wa karanga, karanga zimefunika mengi. Alikuwa ofisa wa manowari katika jeshi la majini, akafanya kazi kwenye mradi wa nyuklia wa Hyman Rickover. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule ya wilaya yake wakati Georgia ikiwatenga watoto weusi. Alipogombea Seneti ya jimbo mwaka 1962, katika kituo kimoja cha Georgetown kura zilizohesabiwa zilizidi watu waliofika kupiga, na baadhi ya majina kwenye orodha yalifuatana kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba wapiga kura walipanga foleni kama watoto wanaoitwa darasani. Carter alikwenda mahakamani na kiti akakipata.

Mwaka 1966 aliutaka ugavana akashindwa. Aliyeishia kuapishwa ni Lester Maddox, mwenye mgahawa wa kuku Atlanta aliyepata umaarufu kwa kuwafukuza wateja weusi na kugawa mipini ya mashoka kwa wazungu waliomuunga mkono. Wala si yeye aliyepata kura nyingi zaidi. Mgombea wa Republican alimzidi bila kufikisha nusu, na bunge la jimbo, lililojaa Democratic, likamchagua Maddox. Sheria ya Georgia wakati huo ilimzuia gavana kujirithi, kwa hiyo mwaka 1970 Maddox akagombea unaibu gavana akashinda, siku ile ile Carter aliposhinda ugavana. Ndipo wakakaa pamoja kwa miaka minne: aliyetangaza katika hotuba ya kuapishwa kwamba ubaguzi wa rangi umepitwa na wakati, na mwenye mgahawa anayeongoza Seneti. Maddox alipinga karibu kila hatua ya Carter ya kupunguza idara na mashirika ya jimbo, yapatayo 300, yabaki 22. Yalibaki 22.

Wanawake wa mwanzo walipewa kiti kwa mstari mmoja tu: mke wa fulani. Nellie Tayloe Ross wa Wyoming, mwanamke wa kwanza kuwa gavana, Januari 1925, alimrithi mumewe aliyefariki. Siku chache baadaye Texas ilimwapisha Miriam Ferguson, ambaye mumewe alikuwa ameondolewa madarakani mwaka 1917. Lurleen Wallace wa Alabama aliapishwa 1967 kwa sababu katiba ilimzuia mumewe George kuendelea. George akajiita mshauri wake kwa mshahara wa dola moja kwa mwaka, akaendelea kutawala. Lurleen alifariki kwa saratani mwaka uliofuata. Ilikuja kuwa Ella Grasso wa Connecticut, mwaka 1975, ndiye wa kwanza aliyeingia kwa kura zake mwenyewe bila kivuli cha mume, baada ya miaka mingi ya ubunge na ukatibu wa jimbo. Januari 2025 magavana wanawake walikuwa 13 kwa mpigo, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa kabla ya mwaka huo.

Wapo wanaoamini kwamba mwendesha mashtaka ndiye dawa ya ufisadi. Illinois inakanusha. Kati ya magavana wake wanne waliofungwa, Otto Kerner alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu na jaji, na Rod Blagojevich naye alianzia kwenye mashtaka. Katika wanne hao yumo George Ryan, mfamasia wa Kankakee, ambaye kabla ya kuondoka Januari 2003 aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 160 waliosubiri kuuawa. Mtu mmoja, na yote mawili ni kweli.

Wasomaji wa Kenya wataliona jambo hili kwa jicho la nyumbani. Tangu 2013 kaunti 47 zina magavana, na sheria inawataka wawe na shahada, sharti ambalo Marekani haina. Kivutha Kibwana, aliyekuwa gavana wa Makueni, alikuwa nayo zaidi ya kutosha: profesa wa sheria, mbunge, waziri. Bado, katika muhula wake wa kwanza, ugomvi kati yake na bunge la kaunti ulifika mahali tume ikaundwa kuchunguza kama kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja mwaka 2015. Kibwana akabaki, akachaguliwa tena, na Makueni ikaja kutembelewa na kaunti nyingine zikitaka kujifunza jinsi wananchi wake wanavyoshirikishwa kupanga miradi.

Marekani kwa upande wake imelegeza masharti kupita kiasi mahali pengine. Kabla ya uchaguzi wa 2018 ilibainika kwamba Kansas haikuwa imeweka umri wa chini wa gavana, na vijana wa sekondari wakajitosa. Bunge liliziba mwanya huo upesi.

Novemba 2026 majimbo 36 yanachagua magavana, na makala za toleo hili zimeandaliwa kwa kuzingatia hilo. Puerto Rico, Guam na maeneo mengine yasiyo majimbo yana magavana pia, wenye historia inayoanzia kwa maofisa wa kijeshi walioletwa kwa meli. Hayo tumeyaacha kwa toleo lijalo. Wacheza mieleka hatukuwaacha: Jesse Ventura wa Minnesota yumo, pamoja na mjadala mrefu kuhusu umeya wake wa Brooklyn Park, ambao waandishi wawili wa toleo hili hawakukubaliana kama ulimfundisha chochote.