Gari la watu saba Sotik: hesabu kabla ya kulipa bandarini

Kila Disemba hapa Mombasa kuna haraka ambayo watu wa bara hawaioni. Magari ya mtumba kutoka Japani yanakimbizana na tarehe 31, kwa sababu viwango vya Kenya haviruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 mwisho ulikuwa gari lililosajiliwa 2018. Kwa 2026 ni 2019. Gari la 2018 lililocheleweshwa na bahari likafika Januari lilikwama.

Ndio msimu ambao simu za jamaa zetu walioko bara huwa nyingi. Wiki iliyopita alinipigia binamu yangu, mwalimu anayefundisha karibu na Sotik, kaunti ya Bomet.

"Kaka, wewe uko karibu na bandari. Nitafutie Noah. Tuko watu saba, na Idd nataka nije nyumbani na mama mkwe."

"Na siku zisizokuwa za Idd?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Swali hilo ndilo msingi wa makala ya leo, kwa sababu wengi wetu tunanunua gari la siku mbili za mwaka, halafu tunalilisha siku 365.

Tuanze na gari lenyewe linavyofika mkononi. Mnunuzi hulinganisha bei ya Japani, lakini kwa Kenya bei ya Japani ni nusu ya habari tu. Mamlaka ya Ushuru, KRA, haiangalii risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, nayo hupunguza kiasi kulingana na umri wa gari, na hapo ndipo inapopata thamani ya kutoza. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha, ambao ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: asilimia 20 kama injini haizidi 1,500cc, na asilimia 25 ikizidi hapo. Kisha VAT ya asilimia 16, halafu ada ya uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Kila kodi imepanda mgongo wa nyingine.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa kila Sh100 za thamani ya KRA, gari la injini isiyozidi 1,500cc linalipiwa kodi ya kama Sh92. Likivuka 1,500cc, kodi ni kama Sh100. Yaani ukinunua Noah, umenunua mbili: moja yako, moja ya serikali.

Sasa angalia kasoro iliyomo humo. Noah ya haibridi ina injini ya 1,797cc. Sienta ya petroli ina 1,496cc. Kwa kipimo cha Japani, Noah hiyo ya haibridi ilipotoka 2014 ilitangazwa kwenda kilomita 23.8 kwa lita, na Sienta ya petroli ya 2015 kilomita 20.6. Vipimo vya Japani ni vya maabara, na huku kwetu hakuna atakayevifikia, lakini mlinganisho unabaki. Gari kubwa, la watu saba, linalokunywa kidogo zaidi, ndilo linalotozwa zaidi, kwa sababu sheria inapima ukubwa wa injini na haiulizi inakunywa kiasi gani wala inabeba watu wangapi. Mzee mwenye familia kubwa anaadhibiwa, na anayetaka kuokoa mafuta anaadhibiwa pamoja naye. Wabunge wetu wa Pwani, ambao bandari iko mlangoni mwao, wangefaa kuwa wa kwanza kulisema hili Mswada wa Fedha unapokuja.

Mwaka 2024 serikali ilitaka kuongeza jambo jingine: kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, isiyopungua Sh5,000. Iliondolewa Juni mwaka huo chini ya shinikizo la wananchi. Lakini wakati ule tumeitazama kodi hiyo, tozo ya kutengeneza barabara iliyomo kwenye mafuta ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mwezi Julai. Mwaka mmoja kabla yake, VAT ya mafuta ilikuwa imeruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Kodi ya gari ilifukuzwa mlangoni ikaingia kwa mdomo wa tangi.

Kwa hiyo mafuta ndiyo ya kuhesabu. Binamu yangu anaishi Sotik, mkewe anafanya kazi upande wa Bomet. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,100 kwa mwezi. Tuchukue petroli Sh185 kwa lita, karibu na bei za mwishoni mwa 2025. Vilevile tukadirie kwa uangalifu, bila kuamini matangazo: Noah ya petroli ya 2,000cc kilomita 10 kwa lita, Noah ya haibridi 15, Sienta ya haibridi 18.

Noah ya petroli itakula kama Sh20,350 kwa mwezi. Noah ya haibridi, Sh13,570. Sienta ya haibridi, Sh11,300. Tofauti ya Noah mbili hizo ni karibu Sh6,800 kwa mwezi, zaidi ya Sh81,000 kwa mwaka. Hiyo ni karo.

Sasa safari ya Idd. Kutoka Sotik kupitia Bomet, Narok, Mai Mahiu na Nairobi mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kwenda na kurudi, weka 1,450. Noah ya petroli itakula Sh26,800, ya haibridi Sh17,900. Tofauti haifiki Sh9,000, mara moja kwa mwaka.

Hapo jibu la mafuta limejitokeza. Safari ndefu inatisha kwa sababu unaona pesa zinatoka kwa mkupuo, lakini safari ya kila asubuhi ndiyo inayokumaliza. Mafuta yahesabie kwa safari ya kila siku.

Nafasi ni hesabu nyingine, na hii inapimwa na safari ndefu. Magari mengi yanaandikwa "watu saba". Ni kweli, viti saba vimo. Lakini nyanyua safu ya tatu ya Sienta, kisha jaribu kuweka mabegi ya watu saba nyuma yake. Utaweka mkoba wa chakula na jaba la maji, basi. Honda Freed nayo ni hivyo hivyo, ingawa ni gari zuri na lina haibridi ya 1,496cc. Noah na ndugu yake Voxy vina paa refu na safu ya tatu ambayo mtu mzima anaweza kukaa mpaka Voi bila kulia, lakini hata humo, watu wakijaa saba, mizigo lazima ipangwe wima. Wish, ambalo wengi hupenda kwa bei yake, liliacha kuundwa 2017, kwa hiyo haliingii tena bandarini. Utakalopata ni lililokwisha kutumika hapa nchini, na hapo unanunua historia ya mtu mwingine.

Jambo ambalo halisemwi yadini ni nani anakaa wapi. Mama mkwe wa binamu yangu ana magoti mabaya. Kumpitisha mama wa makamo safu ya tatu ni kumtesa na kumvunjia heshima. Gari lenye mlango wa kusukuma na sakafu ya chini, kama Sienta, litamfaa kuliko gari la juu la fahari. Yeye safu ya pili, watoto nyuma, na kila mmoja na mkanda wake. Wale wanaopakia watoto kwenye buti la Probox kwa sababu "ni hapa karibu tu" wajue mtoto asiye na mkanda ni mzigo uliolegea.

Tena kuna mlima. Sisi wa Pwani tunajaribu gari barabara ya Nyali, tambarare, upepo mwanana, tunasema linakimbia. Nyanda za chai za Kericho na Bomet ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa kule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko hapa kwetu, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Injini ya 1,500cc iliyobeba watu saba kupanda milima ile inafanya kazi ya punda wawili. Haibridi husaidiwa na mota ya umeme wakati wa kupanda, na ikishuka hujaza betri badala ya kuchoma breki tu. Kwa nchi ya kupanda na kushuka kama Sotik, hiyo ni faida ya kweli, si ya matangazo.

Breki ndizo roho ya safari hiyo. Hakuna aliyesahau Londiani, kaunti ya Kericho, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoparamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Dereva wa gari dogo hawezi kuongoza lori la mwenzake, lakini anaweza kushuka mlima wa Mai Mahiu kwa gia ya chini (kwenye haibridi za Toyota imeandikwa B), asikanyage breki njia nzima mpaka zichemke. Na asisimame kununua mahindi pembezoni mwa barabara ya mteremko.

Haibridi si malaika. Noah na Sienta za haibridi za kizazi hiki zinasukumwa na magurudumu ya mbele tu, na gari lenyewe liko chini. Mvua ikinyesha, njia ya udongo ya kuingia mashambani itakukwamisha. Betri ina tundu la hewa ndani ya gari; likizibwa na vumbi, nguo au mkeka, betri huchemka na kufa mapema, nayo si bei ya betri ya kawaida. Gia zake zina mafuta maalumu, si yale fundi aliyo nayo kwenye debe. Kama nyumba yako iko kilomita tano ndani ya njia ya tope, bora petroli yenye magurudumu manne ya kuvuta, na ukubali kulipa mafuta. Kama uko kando ya lami, kama binamu yangu, haibridi inakufaa.

Nilimshauri hivi. Kila siku garini wapo watano: yeye, mkewe na watoto watatu wa shule. Bibi na mdogo wao wanabaki nyumbani. Saba wanatimia Idd, harusi na siku ya hospitali. Kwa hiyo nimemwambia aache Noah ya petroli. Aangalie Sienta ya haibridi kwanza, yenye kodi ya tabaka la chini, na Noah ya haibridi ikiwa pesa zinatosha bila kubanwa. Na mizigo ya Idd atangulize kwa basi siku moja kabla. Au wakifika Nairobi, baadhi yao washuke na treni ya SGR, Sh1,500 mtu mzima kwa daraja la kawaida tangu Januari 2024, na gari lisafiri na nafasi ya kupumua. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kukwama Mtito Andei usiku na watoto.

Kuhusu pesa, alitaka kukopa. Nikamkumbusha kwamba kwa sisi tunaokwepa riba kuna murabaha: benki inalinunua gari, inakuuzia kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Gulf African Bank iko nchini tangu 2008. Lakini murabaha nayo ni deni. Halali yake haipunguzi uzito wa kila mwisho wa mwezi.

Mwisho, kabla ya kulipa, jaribu gari na watu. Usilijaribu na muuzaji peke yake. Chukua ndugu sita, mpande kilima cha Mazeras na kiyoyozi kikiwashwa, mteremke, mgeuze, mpande tena. Sikiliza. Kisha fungua nyuma uweke mabegi yenu yote. Muuzaji wa kweli hatakataa, na akikataa umepata jibu bila kulipa shilingi.

Binamu yangu atateremka wiki ijayo na mabegi matupu saba. Nimemwambia aje nayo hayo hayo ya safari ya Idd, na mama mkwe akiweza, aje naye akae kiti chake mwenyewe aseme. Usione vyaelea, vyaundwa. Na gari ukiliona linang'aa yadini, limeoshwa. Tutalipakia, tutalipandisha Mazeras, na mama mkwe ndiye atakayetoa hukumu.